Kabla ya P2: wasichana wa chuo waliolipia ile karatasi ndani ya pakiti

Wasee, leo tuongee P2. Sio ile hadithi ya "wasichana wa siku hizi", hiyo tumeisikia mpaka masikio yamechoka. Leo ni historia, na iko na watu wa rika letu ndani kuliko venye ungedhani.

Ukifungua pakiti ya P2 utakuta karatasi imekunjwa-kunjwa, maandishi madogo mpaka unatafuta tochi ya simu. Wengi huitupa hata kabla ya kumeza tembe. Mimi nimekuwa nikifuatilia venye hiyo karatasi iliingia pale, na jibu ni kwamba haikuwekwa na kampuni kwa roho safi. Ilipiganiwa. Na baadhi ya waliolipa bei walikuwa wanafunzi wa chuo, wako na assignment na deni kama wewe.

Nasema hivi kwa sababu kwenye hosteli kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inameza P2 kila wikendi kama peremende. Kambi ya pili haitaki kusikia chochote: ati utakuwa tasa, ati utapata saratani, ati homoni zinajaa kwa mwili na hazitoki. Halafu kuna watu wazima wanaocheka hiyo kambi ya pili na kuiita ya washamba. Mimi siicheki. Hofu yao ina historia ya kweli kabisa. Shida ni kwamba ni hofu ya dawa za 1960, na sisi tunaishi na dawa tofauti.

Tuanze Mexico City. Tarehe 15 Oktoba 1951, kijana wa miaka 26 anaitwa Luis Miramontes, bado hajamaliza digrii yake ya kemia, alikuwa kwenye maabara ya kampuni ya Syntex chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz. Siku hiyo alikamilisha hatua ya mwisho ya kutengeneza homoni inayoitwa noretisteroni, ambayo baadaye iliingia kwenye tembe za kupanga uzazi. Malighafi yenyewe ilitoka kwa viazi vikuu vya porini vya Mexico. Yaani mwanafunzi na kiazi kikuu. Hiyo sehemu ya hadithi huwa haisimuliwi sana.

Marekani nako, Margaret Sanger, aliyekuwa ashafungwa jela kwa kufungua kliniki ya kupanga uzazi, alimpata mwanasayansi Gregory Pincus. Pesa zilitoka kwa Katharine McCormick, mama tajiri aliyesomea baiolojia MIT na kumaliza 1904. Daktari wao alikuwa John Rock, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku. Walikuwa na wazo, pesa na homoni. Hawakuwa na miili ya kujaribia, kwa sababu sheria ya jimbo la Massachusetts ilikataza mambo ya kuzuia mimba.

Wakaenda Puerto Rico. Na hapa ndio mambo yanaanza kunikera.

Kabla ya jaribio kubwa, walianza na wanafunzi wa kike wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Puerto Rico. Kazi ilikuwa nzito: kupima joto la mwili kila siku, kutoa mikojo, kupimwa ukeni mara kwa mara. Wasichana wakaanza kutoroka. Mhadhiri aliyesimamia akatangaza kwamba atakayekataa kushiriki, jambo hilo litaangaliwa wakati wa kutoa alama. Hebu fikiria. Lekcha anakuambia umeze homoni ama gredi yako ishuke. Na bado wengi waliacha! Mimi hao nawavulia kofia.

Walipokosa wanafunzi, walienda kwa akina mama maskini kwenye nyumba za serikali za Río Piedras, Aprili 1956. Dawa iliitwa Enovid. Wanawake waliambiwa inazuia mimba, lakini hawakuambiwa kwamba ni jaribio. Daktari aliyesimamia pale, mwanamke anaitwa Edris Rice-Wray, aliandika kwamba dawa inafanya kazi vizuri sana, lakini asilimia 17 ya wanawake walilalamika: kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa, tumbo, kutapika. Akasema madhara ni mengi mno kwa dawa ya kupewa kila mtu. Pincus hakumsikiza, aliona mengi ni mambo ya akilini. Wanawake watatu walikufa wakati wa majaribio na hakuna upasuaji wa maiti uliofanywa kujua kama dawa ilihusika. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema ndiyo au la, na hilo ndilo kosa lenyewe: waliamua kutoangalia.

1957 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu Enovid kwa matatizo ya hedhi tu. Pakiti ikawa na onyo kwamba ukimeza, yai halitatoka. Ghafla bin vuu, wanawake kama nusu milioni Marekani wakawa na "matatizo ya hedhi". Akili za kina dada ni zile zile tangu zamani. Ruhusa ya kuzuia mimba rasmi ilikuja 1960.

Sasa sikiza kipimo. Tembe ya Enovid ya mwanzo ilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni ya aina inayoitwa mestranoli. Tembe za kawaida unazopata kwa kemisti sai zina karibu 30 za aina nyingine. Hizo aina mbili hazilingani nguvu moja kwa moja, lakini hata ukizipigia hesabu ya haki, za zamani zilikuwa mara tatu na zaidi. 1961 daktari mmoja wa Uingereza aliandikia jarida la Lancet kuhusu mgonjwa wake aliyemeza Enovid akapata donge la damu kwenye mapafu. Ripoti zikaendelea kuja. Watafiti wa Uingereza wakahesabu mpaka mwisho wa miaka ya sitini uhusiano ukawa wazi: estrojeni nyingi, damu kuganda zaidi. Desemba 1969 Uingereza ikawashauri madaktari wasivuke mikrogramu 50.

Marekani ilichukua kelele. 1969 mwandishi Barbara Seaman alitoa kitabu kuhusu madhara ya tembe. Seneta Gaylord Nelson akakisoma, akaitisha vikao Januari 1970. Madaktari wakaitwa, wataalamu wakaitwa. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa amemeza hizo tembe aliyeitwa kutoa ushahidi. Kundi la wasichana wa Washington, akiwemo Alice Wolfson, walikuwa wamekaa kwa viti vya umma. Wakasimama wakaanza kuuliza kwa sauti: mbona hamtuulizi sisi? Mbona tunafanywa panya wa maabara? Kamera za televisheni zikawageukia.

Kutokana na hizo fujo, mwaka huo huo FDA iliamuru kila pakiti ya tembe za kuzuia mimba iwe na karatasi ya maelezo kwa mwanamke mwenyewe, sio kwa daktari wake. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno kama 600. Kampuni na madaktari walipinga, ati itaharibu uhusiano wa daktari na mgonjwa. Ikakatwa mpaka ikabaki maneno kama 100. Ndefu ya kueleweka ilikuja 1978. Hiyo ndiyo babu wa karatasi unayotupa.

Lakini P2 yenyewe ina ukoo wake, na bibi yake alikuwa hatari.

Wazo la tembe ya "baada ya tendo" lilianza miaka ya sitini. Kule Yale, John Morris na Gertrude Van Wagenen waligundua kwamba estrojeni nyingi sana, ikimezwa siku chache baada ya ngono, inazuia mimba. Mojawapo ya dawa zilizotumika ni DES, estrojeni ya maabara iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1938. DES ilikuwa ishapewa akina mama wajawazito kwa miaka mingi ati inazuia mimba kuharibika, ingawa utafiti wa Chicago wa 1953 ulionyesha haifanyi hiyo kazi. Madaktari wakaendelea kuiandika tu.

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, kliniki ya wanafunzi ilianza kutoa DES kwa wasichana wa chuo. Miligramu 25, mara mbili kwa siku, siku tano. Kutapika kulikuwa kwa kawaida sana. 1971 Dkt. Lucile Kuchera wa kliniki hiyo alichapisha matokeo ya wanawake 1,000 katika jarida la madaktari wa Marekani: hakuna hata mmoja aliyepata mimba. Mia kwa mia! Vyuo vingine vikachangamka.

Mwaka huo huo, miezi michache kabla, Arthur Herbst na wenzake wa Boston walikuwa wamechapisha kitu kingine. Waliwapata wasichana wadogo wanane wenye saratani ya uke ya aina ambayo kwa umri wao haikuwa inaonekana kabisa. Mama saba kati ya wanane walikuwa wamepewa DES wakiwa wajawazito. Maana yake, kama dawa ingefeli kwa msichana wa chuo na mimba ikaendelea, mtoto angekuwa amekutana nayo tumboni.

Mwanaharakati wa Ann Arbor anaitwa Belita Cowan aliisoma ile ripoti ya watu 1,000 akashuku. Akaanza kutafuta wasichana waliopewa dawa. Akakuta kuna ambao hawakufuatiliwa baadaye, na kuna ambao hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Sasa kama hukumpigia mtu simu, ulijuaje hakushika mimba? Ile "sufuri" ikaanza kuonekana kama hesabu ya mtu aliyefunga jicho moja. 1975 Cowan alitoa ushahidi mbele ya Seneti, na yeye na kina Seaman na Wolfson wakaanzisha mtandao wa afya ya wanawake.

Kwa hivyo ukimsikia shosh yako akisema "hizo dawa zinaleta saratani", usikimbilie kumcheka. Kulikuwa na dawa iliyoleta. Ila haikuwa hii.

Hii yetu ilikuja kwa njia nyingine. Miaka ya sabini daktari wa Canada, Albert Yuzpe, alionyesha kwamba unaweza kutumia tembe za kawaida kwa wingi, mara mbili, tofauti ya saa 12. Ilisaidia, lakini watu walitapika kama wako kwa matatu ya Mai Mahiu. Halafu 1998 Shirika la Afya Duniani lilichapisha jaribio la wanawake karibu 2,000 katika nchi 14, likilinganisha njia ya Yuzpe na homoni moja tu, levonojestreli, bila estrojeni yoyote. Waliopewa ya Yuzpe, asilimia 3.2 walipata mimba. Waliopewa levonojestreli, asilimia 1.1. Kutapika kulishuka kutoka karibu 19 kwa mia hadi karibu 6.

Levonojestreli ndiyo P2. Jina ni kifupi cha Postinor-2, dawa ya kampuni ya Gedeon Richter ya Hungary, na hiyo mbili ni tembe mbili ndani ya pakiti. Haina estrojeni, kwa hivyo ile hadithi ya DES haiihusu. Inafanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka. Kama yai lilishatoka, umechelewa. Kama mimba ishaingia, haiitoi. Haikufanyi tasa. Itakuvuruga hedhi mwezi huo, na hapo ndipo watu huanza kupanik na kutunga hadithi.

Lakini kambi ya wikendi nayo isishangilie, maana namba zenu ziko kwa jaribio lile lile la 1998. Walioimeza ndani ya saa 24, ilizuia asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa. Kati ya saa 25 na 48, ilishuka hadi 85. Kati ya 49 na 72, ikawa 58. Yaani ukingoja Jumatatu lekcha iishe ndio uende kemisti, umeshapoteza. Na hiyo ni kwa tukio moja. Ukiigeuza kuwa mpango wa mwaka mzima, unarudia bahati nasibu kila wiki. Tena dawa fulani za kifua kikuu na za ukimwi, kama rifampisini na efavirenzi, zinapunguza nguvu yake, na hapa Kenya hilo sio jambo la watu wachache.

Linganisha. Takwimu zinazotumika sana ni za Marekani, za matumizi ya watu wa kawaida wenye kusahau, kwa mwaka mmoja. Kati ya wanawake 100 wanaotumia tembe za kila siku, 7 hupata mimba. Sindano ya miezi mitatu, 4. Kondomu, 13. Kumwaga nje, 20, na najua kuna wanaume wanasoma hii wakikohoa. Koili ya shaba, chini ya mmoja. Kijiti cha mkononi, mmoja kwa elfu. Na angalia hii: kijiti wanachowekea watu wengi kina homoni ile ile ya P2, levonojestreli, ila inatoka kidogo kidogo kwa miaka. Rafiki yako anayeogopa kijiti "kwa sababu ya homoni" halafu anameza P2 mara tatu kwa mwezi anaogopa kitu ambacho tayari kiko kwa mkoba wake.

Na hatari? Zipo, hakuna haja ya kuzificha. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia tembe na wasio wajawazito, mmoja hadi watano hupata damu kuganda kwenye mishipa kwa mwaka. Wanaotumia tembe zenye estrojeni, watatu hadi tisa. Wajawazito, watano hadi 20. Wiki za kwanza baada ya kujifungua, hata zaidi. Kwa hivyo tembe inaongeza hatari, na mimba inaiongeza zaidi. Kama una kipandauso kile cha kuona mwanga wa zigizaga kabla kichwa kianze kuuma, au umewahi kuganda damu, tembe zenye estrojeni sio zako, mwambie daktari. Sindano nayo inaweza kupunguza uzito wa mifupa, na ukiiacha, rutuba inachukua muda kurudi, kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho kwa wengi. Nadhani nusu ya stori za "alidungwa akawa tasa" zimetoka hapo: mtu aliacha, akangoja miezi mitano, akaachwa na mume kabla mwili haujarudi.

Jinsi unavyoambiwa hatari pia ni siasa. Oktoba 1995 mamlaka ya Uingereza ilitangaza kwamba tembe za aina mpya zinafanya hatari ya damu kuganda iwe mara mbili. Mara mbili! Wanawake wakatupa pakiti. Ukweli ni kwamba ilitoka kama mmoja kwa 7,000 ikawa wawili kwa 7,000. Mwaka uliofuata, Uingereza na Wales ziliona utoaji mimba ukiongezeka kwa karibu 13,000. Hakuna aliyedanganya. Walisema tu "mara mbili" wakasahau kusema mara mbili ya nini. Kila ukiona video ya mtu anapiga kelele "inadabo hatari", muulize hilo swali.

Sasa tuje nyumbani. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi, 1967. Watu hawakuukimbilia. Kufikia mwisho wa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa watoto kama wanane kwa wastani. Na kwa nini waukimbilie? Miaka minne baada ya uhuru, wazungu wale wale wanarudi na ushauri kuhusu idadi yenu. Ukiongeza kwamba sindano ya Depo-Provera haikuruhusiwa Marekani kuzuia mimba mpaka 1992, ilhali nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinaitumia miaka mingi kabla, utaelewa kwa nini mzee wa kijiji alisema "wanatupunguza". Alikosea kuhusu dawa. Hakukosea kuuliza.

Leo wastani ni watoto 3.4, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022. Utafiti huo huo unasema asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba.

Na swali kubwa la mwisho kuhusu usalama, lilijibiwa na wasichana wa huku. Kwa miaka mingi wanasayansi walibishana kama sindano ya Depo inaongeza uwezekano wa kuambukizwa HIV. Serikali hazikujua ziseme nini. Ndipo ukafanywa utafiti wa ECHO, katika vituo 12 vya Afrika Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya, kituo chetu kikiwa Kisumu. Wanawake 7,829, wa miaka 16 hadi 35, wengi chini ya 25, walipangiwa kwa bahati nasibu sindano, koili ya shaba au kijiti. Safari hii waliambiwa ni utafiti, wakaelezwa, wakakubali kwa maandishi. Linganisha na Río Piedras.

Matokeo yalitoka Juni 2019. Njia zote tatu zilizuia mimba vizuri sana, na hakukuwa na tofauti kubwa ya HIV kati yake. Depo ikaondolewa lawama nyingi. Lakini ndani ya hayo matokeo kulikuwa na namba iliyonyamazisha ukumbi: wanawake 397 waliambukizwa, karibu wanne kwa kila mia kwa mwaka, na hawa ni watu waliokuwa wakipewa ushauri na kondomu kila wanapokuja kliniki. Wengi walikuja kwa ajili ya mimba, kwa sababu mimba ndiyo tuliyofundishwa kuogopa. Ukisikiliza maongezi ya kemisti usiku wa Jumamosi ni hivyo hivyo, msichana anauliza P2, mvulana amesimama nje anaangalia simu, na HIV haitajwi na yeyote.

Kenya ilianza kutoa tembe za PrEP za kuzuia HIV mwaka 2017, na ziko kwa hospitali za serikali. P2, sindano, koili na kijiti hazizuii HIV hata kidogo. Ya kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja bado ni kondomu, na hiyo hata mvulana aliyesimama nje anaweza kuingia akanunua.